Kutembelea mkusanyiko wa mabango ya kale ya neoni: mwongozo kamili kwa wapenda herufi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaosimama barabarani kuangalia umbo la herufi wakati wenzao wanasoma habari tu: wachora mabango wa Mtwara Mjini, Lindi, Masasi na Newala, wanafunzi wa sanaa na usanifu, na yeyote anayepata nafasi ya kusafiri kimasomo, kikazi au kumtembelea ndugu katika nchi ambayo mabango ya kale ya neoni, yaani maneno yaliyopindwa kwa mirija ya kioo yenye gesi inayong'aa kwa umeme, yamekusanywa na kuhifadhiwa. Kwetu hakuna mkusanyiko wa aina hiyo, na wengi wetu tukibahatika kuuona tutauona mara moja tu, tena kwa saa moja au mbili ambazo zimelipiwa. Saa hizo zinastahili kuandaliwa. Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kwamba bango la neoni husomwa mara mbili, likiwa limezimwa na likiwa limewashwa, kwa kuwa herufi yake ina miili miwili, wa kioo na wa mwanga, na mgeni anayeutazama mwanga peke yake huondoka bila kujua herufi ile ilitengenezwaje.

Hatua ya kwanza: zoesha macho hapa nyumbani

Maandalizi yaanze wiki kadhaa kabla ya safari, na yafanyike kwa miguu. Mtwara Mjini ni mji uliokua kutokana na mpango wa karanga wa Waingereza uliozinduliwa mwaka 1947 na bandari iliyojengwa kwa ajili yake, kwa hiyo barabara zake ni pana na maandishi yake mengi ni ya miongo ya karibuni: rangi ya mafuta juu ya ukuta, vibao vya bati, matangazo ya soda na ya kampuni za simu yaliyochorwa duka zima kuanzia msingi hadi paa, na sasa mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Lindi ulikuwa mji wa biashara na makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla makao hayo hayajahamishiwa Mtwara katika miaka ya 1950, na ndiyo maana katika mitaa yake ya maduka ya zamani inafaa kuinua macho juu ya milango na kutafuta herufi au mwaka wa ujenzi uliofinyangwa kwa saruji. Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara Mjini kwa barabara ya Lindi, ni mji mkongwe zaidi, wenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895, milango ya kuchongwa, na makaburi yenye maandishi ya Kiarabu.

Unapopita katika miji hiyo, chagua neno moja kwa kila mtaa na ulinakili kwa penseli jinsi lilivyo, bila kulirekebisha. Kwa kila neno jiulize maswali matatu: mkono wa mwandishi ulianzia wapi, ulinyanyuka wapi, na nafasi kati ya herufi na herufi iliamuliwa kwa jicho au kwa rula. Maswali hayo hayo ndiyo utakayoyapeleka mbele ya neoni.

Nawashauri hasa wale waliosoma chuoni (madrasa) utotoni wasiuache ujuzi wao nyumbani. Aliyejifunza kuandika kwa hati za Kiarabu anajua tangu akiwa mdogo kwamba herufi hushikana mikono ndani ya neno, na kwamba alif, dali, dhali, re, ze na wau hazishikani na herufi inayozifuata, hivyo kalamu lazima ivunje mstari hapo na kuanza upya. Fundi wa neoni hukabiliwa na uamuzi wa namna hiyo hiyo kwa herufi za Kirumi: aunganishe wapi, na avunje wapi bila msomaji kusumbuka. Mwenye jicho lililofunzwa na hati moja huiona haraka hila ya hati nyingine.

Hatua ya pili: elewa jinsi mstari wa kioo unavyozaliwa

Bila maarifa haya ziara itakuwa ya kufurahia rangi tu. Gesi ya neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na wanakemia William Ramsay na Morris Travers, walipoipooza hewa hadi ikawa kimiminika na kuzitenganisha gesi zake. Mfaransa Georges Claude ndiye aliyeigeuza kuwa taa, akaionyesha hadharani Paris mnamo Desemba 1910, na katika miaka iliyofuata mirija yake ikaanza kupindwa kuwa maneno ya biashara.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Fundi huanza na mchoro wa neno wenye ukubwa kamili, uliogeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, kwa sababu uso wa herufi hulala chini mezani na migongo yake huelekea juu. Huchukua mrija wa kioo wenye urefu wa mita 1.2 hivi, unene wake mara nyingi ukiwa kati ya milimita 8 na 15, akaupasha moto wa gesi mpaka sehemu inayotakiwa ilegee, kisha akaulaza juu ya mchoro na kuupinda kwa mikono. Ana sekunde chache tu kabla kioo hakijakaza. Mdomoni ana mpira mwembamba uliounganishwa na mrija, naye hupuliza kidogo kidogo ili kona isibonyee na njia ya gesi isizibe. Mirija huunganishwa mmoja na mwingine kwa moto, na ncha mbili za mwisho hutiwa elektrodi, yaani vipande vya chuma vinavyoingiza umeme ndani ya mrija. Baada ya hapo umeme wenye nguvu hupitishwa ili kuuchoma uchafu uliomo ndani, pampu huondoa hewa, gesi huingizwa kwa kiasi kidogo, na mrija hufungwa.

Rangi nazo zina kanuni. Neoni tupu katika kioo kisicho na rangi hutoa wekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Agoni, gesi nyingine, iliyotiwa tone la zebaki hutoa buluu, na rangi nyingine nyingi, pamoja na nyeupe, hutokana na unga maalumu uliopakwa ndani ya kioo au kioo chenyewe kuwa na rangi. Transfoma za kuwashia mirija hii hufikia volti 15,000, na mrija wa agoni ukivunjika unaweza kumwaga zebaki. Hiyo ndiyo sababu hutakiwi kugusa chochote hata pale ambapo hakuna kamba wala ulinzi.

Kinachomhusu mpenda herufi katika haya yote ni kwamba gesi huhitaji njia moja isiyokatika kutoka elektrodi hadi elektrodi. Mkeka wetu hushonwa kwa ukili mmoja mrefu unaozungushwa mpaka upana utimie, na neno la neoni vivyo hivyo hufinyangwa kutoka mstari mmoja unaosafiri kutoka herufi hadi herufi. Pale ambapo herufi mbili hazipaswi kuonekana zimeungana, fundi hupitisha mrija nyuma, kisha huupaka rangi nyeusi sehemu hiyo ili mwanga usionekane. Herufi A ya herufi kubwa, yenye mstari wa katikati, ni mtihani wa kweli: mstari huo lazima ufikiwe, upitwe, na mrija urudi njiani. Tazama mafundi tofauti walivyoitatua A na utajifunza zaidi kuliko kwa kutazama mabango mia kwa haraka.

Hatua ya tatu: chagua mkusanyiko unaokufaa

Makusanyo hayafanani, na uchaguzi utegemee unachotaka kujifunza, mradi safari yako tayari inakupeleka upande huo.

Kwa mchora mabango wa brashi, ningependekeza kwanza American Sign Museum ya Cincinnati, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Tod Swormstedt. Makumbusho hayo hayaonyeshi neoni peke yake. Huanza na vibao vya mkono na herufi za dhahabu juu ya kioo, yakapita kwenye herufi za balbu, yakafika kwenye neoni na kisha plastiki, na ndani yake mna karakana ya neoni ambamo mafundi hufanya kazi. Mtu wa fani yetu huona pale ukoo mzima wa kazi yake, na huona wazi kwamba mafundi wa kwanza wa neoni waliyarithi maumbo ya waandishi wa brashi.

Neon Museum ya Las Vegas ndiyo maarufu zaidi. Ukumbi wake wa kupokelea wageni ni jengo la zamani la mapokezi ya hoteli ya La Concha, lililosanifiwa na Paul Revere Williams, msanifu Mmarekani Mweusi, kwa umbo la magamba ya kombe. Nje kuna uwanja ambamo mabango makubwa ya kasino zilizofungwa au kubomolewa yamepangwa, mengine yakiwa yamekarabatiwa na kuwaka, mengi yakiwa na kutu na rangi iliyobanduka. Utafute pale mwandiko wa Moulin Rouge, hoteli na kasino iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo ilikuwa ya kwanza mjini humo kuwapokea watu wa rangi zote. Herufi zake zilibuniwa na Betty Willis, mwanamke yule yule aliyebuni bango la kukaribisha wageni Las Vegas la mwaka 1959. Mwandiko huo una mikunjo mirefu inayoonekana kuandikwa kwa pumzi moja, na kwa maoni yangu unamfundisha mchoraji mdundo wa neno kuliko bango lolote kubwa lililo jirani yake.

Warsaw, Poland, ina makumbusho ya neoni yaliyofunguliwa mwaka 2012 na Ilona Karwińska na David Hill, yenye mabango ya enzi za ukomunisti. Mabango hayo yanavutia kwa sababu maalumu: maduka yalikuwa ya serikali, hivyo bango halikuwa na mshindani wa kumpigia kelele, na wabunifu wasanii walipewa nafasi ya kuchora herufi tulivu zenye uhusiano na jengo. Mjini humo humo, katika uwanja wa Plac Konstytucji, bado kuna neoni ya mchezaji wa kike wa mpira wa wavu ya mwaka 1961, iliyokarabatiwa mwaka 2006. Kwa anayepita London, God's Own Junkyard iliyoko Walthamstow ni ghala na duka kwa pamoja, limejaa kupita kiasi, halitozi kiingilio, na hufaa kwa kutazama rangi kuliko kuchunguza herufi moja moja.

Kabla ya kulipia chochote, hakikisha mahali unapokwenda pangali wazi na kwa anwani ile ile. Makusanyo ya herufi mara nyingi hukaa katika majengo makubwa ya kupanga; Buchstabenmuseum ya Berlin, iliyoanza mwaka 2005 na kupendwa na wapenda herufi wa nchi nyingi, ilitangaza kufunga milango yake mwaka 2025. Tiketi za Las Vegas hununuliwa mapema kwa saa maalumu, na za jioni ndizo zinazowahiwa.

Hatua ya nne: panga saa ya kuingia

Sisi tumezoea jua linalozama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mazoea hayo yanaweza kuiharibu ratiba ya mgeni. Warsaw mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na mwezi Desemba huzama saa tisa na nusu alasiri. Las Vegas hutofautiana kati ya saa mbili usiku na saa kumi na nusu jioni. Angalia saa ya machweo ya tarehe yako mahususi, kisha uombe kuingia saa moja kabla yake, ili uuone uwanja kwa mwanga wa jua, kwa mwanga wa magharibi, na kwa giza, kwa tiketi moja. Ikiwa taratibu za mahali hapo zinakugawia muda mfupi na huwezi kupata vyote, chagua magharibi, kwa kuwa ndiyo saa ambayo kioo na mwanga huonekana kwa pamoja. Las Vegas kati ya Juni na Agosti joto hupita nyuzi 40, tena joto kavu lisilofanana na la pwani yetu, ambalo humnyima mtu maji bila kumtoa jasho analoliona. Beba maji na kofia.

Mkusanyiko wa ndani hauna tabu hiyo, lakini taa zake huwaka muda wote. Waombe wahudumu kwa heshima wakuzimie bango moja kwa dakika chache. Wakikataa, tafuta yaliyoharibika, kwa maana bango lisilowaka ni somo kamili.

Hatua ya tano: tembea mizunguko miwili

Mzunguko wa kwanza usichore wala usipige picha. Tembea mkusanyiko wote kwa mwendo wa kawaida na uyakumbuke mabango matatu yanayokusimamisha. Matatu yanatosha kwa saa mbili.

Mzunguko wa pili rudi kwenye hayo matatu tu, na kwa kila moja anza na mwili wa kioo. Tafuta elektrodi ya kwanza, kisha ufuate mrija kwa jicho hadi mwisho wake, ukichora kwenye daftari mstari mmoja wenye mishale, na ukitia alama ya msalaba kila ulipopakwa weusi. Mchoro huu hautapendeza, lakini ndio mali utakayorudi nayo. Kisha jongea pembeni na uangalie bango kutoka ubavuni, ambako utaona jinsi mirija inavyopishana kwa kina, mmoja mbele na mwingine nyuma, jambo ambalo picha za mbele hulificha kabisa. Tazama pia kilicho nyuma ya kioo: mara nyingi kuna herufi iliyopakwa rangi kwenye bati, iliyokusudiwa kusomwa mchana, na mrija hupita katikati yake au kwenye kingo zake. Jiulize kama herufi ya rangi na herufi ya mwanga ni moja au ni mbili tofauti. Katika mabango mengi utagundua kwamba mchoraji wa rangi aliweka vikomo vyenye ncha kali mwishoni mwa mistari, wakati kioo, kisichoweza kukunjwa kwa ncha kali, kimezunguka kwa kona laini.

Bango likiwashwa, rudi nyuma hatua ishirini. Mwanga hufanya mstari uonekane mnene kuliko mrija wenyewe, na matundu madogo ya herufi kama e na a huanza kuzibika. Fundi mzuri aliliona hilo kabla, akaziachia herufi nafasi pana kuliko ambavyo wewe na mimi tungeziachia kwa brashi. Pima nafasi hizo kwa kulinganisha na unene wa mrija: je, kati ya herufi na herufi ingeingia mirija mitatu, minne au zaidi? Andika jibu kando ya mchoro. Halafu endelea kurudi nyuma mpaka neno lisisomeke tena, na ukadirie umbali huo kwa hatua zako. Kanuni ya zamani ya watengeneza mabango husema herufi husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 kwa kila sentimita 2.5 za urefu wake, nawe utaona mwenyewe ni wapi kanuni hiyo inatimia.

Hatua ya sita: piga picha kwa kiasi na kwa usahihi

Uliza kwanza kinachoruhusiwa, kwa kuwa baadhi ya makumbusho hukataza stendi ya kamera, video, au picha za kibiashara. Simu ikiachwa ijiamulie yenyewe hugeuza mirija kuwa michirizi myeupe isiyo na rangi. Gusa sehemu inayong'aa kwenye skrini, kisha ushushe mwangaza mpaka rangi ya mrija ionekane na mandhari yawe meusi. Ukiwa na uwezo wa kuchagua kasi ya kamera, usizidi sehemu 1/60 ya sekunde Marekani na 1/50 Ulaya, kwa sababu umeme wa Marekani hufanya mizunguko 60 na wa Ulaya mizunguko 50 kwa sekunde, na kasi kubwa huleta mistari ya giza kwenye picha. Kwa kila bango piga nne: nzima, ubavuni, kona moja ngumu kwa karibu, na kibao cha maelezo.

Hatua ya saba: ulizia yasiyoandikwa ukutani

Kibao cha maelezo hutaja jina la biashara na mwaka, na mara chache hutaja aliyechora herufi. Muulize mwongozaji nani alichora, nani alipinda, na kama watu hao wawili walikuwa mmoja. Katika kazi nyingi walikuwa wawili, na herufi unayoiona ni mapatano kati ya karatasi ya mmoja na moto wa mwingine. Uliza pia ni sehemu gani ya kioo ni ya asili na ipi imepindwa upya wakati wa ukarabati, maana usije ukasifia mkono wa mwaka 1958 kumbe ni wa juzi.

Hatua ya nane: iweke kazi mikononi baada ya kurudi

Maduka, saluni na migahawa ya Mtwara imeanza kutundika maandishi yanayong'aa ambayo watu huyaita neoni, ingawa ni taa za LED ndani ya mpira unaopindika. Utazitambua kwa kuwa zimegandishwa kwenye kibao cha plastiki angavu, hukatwa vipande vipande, na hutoa mwanga kwa mbele tu, ilhali mrija wa gesi hung'aa pande zote. Teknolojia hii ina faida zake: hutumia volti 12 mara nyingi, haina zebaki, na fundi umeme wa kawaida anaweza kuifunga. Udhaifu mkubwa ninaouona uko kwenye herufi, kwa kuwa maneno huchukuliwa kutoka kompyuta bila kufikiri kwamba yatakuwa mstari.

Hapo ndipo michoro yako ya mishale inapofanya kazi. Chukua jina la mteja, tuseme duka la dawa au mgahawa wa samaki, uliandike kwa mkono mara nyingi mpaka upate umbo linaloweza kupitwa kwa mstari mmoja au miwili. Lichore kwa ukubwa kamili kwenye karatasi pana, uchore mstari wa katikati pekee bila unene, kisha uweke alama za mwanzo, mwisho, na mahali pa kukata au kuficha. Acha nafasi kati ya herufi kama ulivyopima safarini. Bandika karatasi hiyo ukutani mahali bango litakapokaa, uvuke barabara, na uisome ukiwa pale mteja atakapokuwa. Ikisomeka, mkabidhi fundi wa LED karatasi yenyewe, siyo picha ya simu, na ukubaliane naye kwamba hatabadilisha kona yoyote bila kukuuliza.